Mwalimu Mpya wa Miaka Kumi na Tisa

Papa Ruphin Bosenge ni mwalimu mpya. Amekuwa mpya kwa miaka kumi na tisa sasa, na upya wenyewe umemkolea mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Msicheke, ndivyo ilivyo kwetu. Mwalimu wa chuo kikuu aliyepewa darasa, lakini Serikali bado haijampa namba yake ya kazi, matricule, anaitwa kwa Kifaransa *nouvelle unité*, yaani mtu mpya. Namba isipokuja, upya hauishi. Unaweza kuzeeka nao, ukafundisha watoto wa watu mpaka wakawa madaktari, na kwenye makaratasi ya Kinshasa bado unangojewa ufike.

Anafundisha fizikia, mwaka wa kwanza. Hapa Kisangani hawezi kupanda toleka, zile baiskeli zetu za kubeba abiria, bila mtu kumsimamisha njiani amshike mkono: muuguzi, padri, hata fundi wa taa za uwanja wa ndege wa Bangboka. Wote wanamwita papa prof. Yeye si profesa, ni assistant tu, mwalimu msaidizi, lakini alishachoka kuwasahihisha.

Mtu mmoja hamwiti hivyo, naye ni mama yake. Bibi yule yuko Yahuma, ana miaka themanini na minne na analima muhogo mpaka leo. Kila Jumapili wajukuu wanampandisha kilimani kwenye mtandao ili aongee na mwanawe. Hana muda wa salamu.

"Bamekwisha kukuandika?"

"Bado, mama."

"Bon. Mvua iko?"

Mama hajui kusoma, lakini anajua kwamba mahali fulani kuna kitabu kikubwa cha Serikali, na mtu asiyeandikwa humo, kazi yake inapeperuka. Alishatangaza mbele ya parokia nzima kwamba hatakufa kabla mtoto wake hajaandikwa. Ruphin hajui kama ashukuru au alie, maana amebakiwa na miaka miwili astaafu. Miaka miwili ikipita, mlango unafungwa, na atakuwa ametoka kwenye kazi ambayo kwenye karatasi hakuingia kamwe. Na mama je? Wazo hilo linamnyima raha kuliko yote.

Basi Ijumaa moja tangazo likabandikwa kwenye mlango wa sekretarieti. Nouvelles unités wote wahudhurie mafunzo ya siku tano: jinsi ya kufundisha chuo kikuu na kuwasindikiza wanafunzi katika kujifunza. Atakayefaulu, jina lake linapelekwa Kinshasa apewe matricule. Asiyefaulu angoje awamu nyingine. Awamu nyingine ni lini, tangazo halikusema, kwa hiyo kila mtu akawa amejua.

Mkewe, Mama Alphonsine, alicheka mpaka akatua chini beseni la kwanga, ile mikate yetu ya muhogo.

"Mafunzo ya bapya? Na wewe?"

"Na mimi."

Alipomaliza kucheka akaenda sokoni akamnunulia daftari lenye picha ya mchezaji mpira juu, akamchongea na penseli. "Usipigane na benzako, eh. Na mwalimu akiuliza, inua mukono." Jumatatu Ruphin akatoka nyumbani na daftari lake kwapani, na majirani wakamtakia masomo mema.

Mkufunzi alikuwa Madame Solange, daktari wa ualimu, ametoka Kinshasa na masanduku mawili yaliyojaa fomu. Na huyu Solange, jamani, miaka kumi na sita iliyopita alikuwa mwanafunzi wa Ruphin, mstari wa tatu, karibu na dirisha! Alipomwona mzee amekaa kwenye benchi la wanaofunzwa, alikimbia kumsalimu kwa mikono miwili.

"Papa prof! Umekuja kutufungulia mafunzo?"

"Hapana, madame. Nimekuja kufunzwa."

Solange akaangalia orodha, akaangalia zile nywele, akaangalia orodha tena. Jina lilikuwepo, namba tatu. "Mungu wangu," akasema polepole, akampa karatasi atie sahihi kama wengine.

Washiriki walikuwa kumi na wawili. Wanafunzi wa kweli walikuwa likizoni, kwa hiyo ikaamuliwa kwamba washiriki watakuwa wanafunzi wao kwa wao. Kila mmoja akatoa kadi kwenye mfuko wa plastiki, na kadi ndiyo iliyosema ni mwanafunzi wa aina gani. Ruphin alipata kadi ya mwanafunzi mwenye haya, akatakiwa asiinue macho. Mama mmoja wa idara ya sheria alipata msinziaji, akaifanya kazi hiyo kwa moyo wote hadi saa sita. Guelord, kijana wa kemia aliyeanza kazi miezi mitatu tu, alipata kadi ya anayechelewa. Akaheshimu kadi yake: akatoka, akapita geti, akaenda mjini kununua mkate.

Ukafika wakati wa jaribio la mwanzo. Kila mmoja afundishe dakika kumi, kwa alama ishirini, ili ijulikane anaanzia wapi. Nani atangulie? Watu wakatazama viatu vyao. Ruphin, ambaye hajawahi kuogopa ubao, akainuka na haya zake akaziacha kitini. Akaeleza kwa nini ngurumo inakuja nyuma ya umeme wakati vyote vimetoka mahali pamoja. Akampeleka mmoja mbali, ng'ambo ya uwanja, apige sufuria, wengine wakimtazama dirishani na kuhesabu. Hata msinziaji aliamka. Walipiga makofi, na Solange akaandika kumi na nane huku uso wote unacheka.

Hapo ndipo Guelord akaingia, anahema, mkate kwapani.

"Mulishaanza? Nani alipita?"

"Papa Ruphin."

"Alipata ngapi?"

"Kumi na nane!"

Guelord akaweka mkate chini. "Eh, papa," akasema, "ulikufa."

Akawavuta wote pembeni. Kumbe kaka yake alishapitia mafunzo haya haya kule Kindu. Ile fomu haiangalii kama unajua kufundisha. Inaangalia maendeleo. Wanachukua alama ya Ijumaa, wanatoa alama ya Jumatatu, na kilichobaki kisipungue sita. Ukianza juu, utapanda wapi? Kaka yake alimpigia simu asubuhi ile ile, tena kwa haraka, amwambie neno moja tu: uanze mubaya. Naye Guelord angewaambia wenzake mapema kabisa, ila kadi yake ilisema achelewe.

Ruphin akafungua daftari la mchezaji mpira, akaandika kumi na nane, akajumlisha sita. Akapata ishirini na nne. Akarudia hesabu, maana ni mtu wa fizikia. Ishirini na nne juu ya ishirini.

Na wengine? Loo! Kuanzia hapo yakawa mashindano. Mmoja alifundisha huku anaongea na simu. Mwingine aliwasomea ukurasa wa mwisho wa kitabu, kisha wa kwanza, kisha akaomba radhi akatoka. Mama wa sheria alisahau makusudi anafundisha nini, akawauliza wanafunzi. Guelord aliandika H2O ubaoni, akaifuta, akakaa. Madame Solange aliandika mbili, moja, tatu, moja. "Sikujua hali ni mbaya hivi," akasema, na machozi yalikuwa karibu. Watu wakainamisha vichwa kwa unyenyekevu, furaha imewajaa.

Ruphin akamfuata Solange alipokuwa peke yake, akamweleza ile hesabu. Solange akaiangalia, akashika mdomo, akapiga simu Kinshasa kwenye ofisi ya mradi wa mafunzo haya, akaiweka wazi wasikie wote wawili.

"Mshiriki ana tatizo gani?" ikauliza sauti ya mwanaume.

"Anafundisha vizuri."

"Hilo si tatizo, madame."

"Anafundisha vizuri toka Jumatatu."

Makaratasi yakasikika yanafunuliwa. "Ah. Hilo ni tatizo. Bon, arudie jaribio la mwanzo Jumatano. Andika kwamba alikuwa mgonjwa."

"Hakuwa mgonjwa."

"Madame, mtu anayepata kumi na nane siku ya kwanza, hakuwa mzima."

Basi Jumanne, saa ya mkate na sardini, Guelord akamfundisha mzee kufundisha vibaya. Alikuwa mwalimu mzuri, mvumilivu. "Ya kwanza, papa, bape mugongo. Ubao tu. Ya pili, dikte: nukta, mustari mupya, nukta, mustari mupya. Ya tatu, mutu akiuliza, sema hii itatoka ku examen. Usigeuke hata kidogo. Mutu akikuona macho, umekwisha."

Ruphin alisikiliza huku moyo unamuuma. Hakuna alilokuwa halijui. Siku yake ya kwanza kabisa, miaka kumi na tisa nyuma, alifanya hivyo hivyo bila kufunzwa na mtu: mgongo kwa darasa, chaki inakatika mkononi, saa mbili nzima nukta na mstari mpya, kwa sababu alikuwa anaogopa macho yao. Ilimchukua miaka kujifunza kugeuka. Sasa anaombwa ajisahaulishe kwa siku moja, na ni lazima aweze. Mama anangoja.

Jumatano akasimama. Somo: kwa nini chombo kinaelea. Akawapa mgongo. "Andikeni. Kila kitu kikiwekwa majini, nukta. Hapana, koma. Kikiwekwa majini, koma, kinasukumwa juu, nukta. Mstari mpya."

Nyuma yake kalamu zikaanza kukwaruza, na mtu akanong'ona, "Vizuri sana, papa. Mbaya sana." Dakika ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Mzee anakwenda sawa. Siku ile mshiriki mmoja alikuwa kitandani na malaria, na Solange, ili idadi isipungue, alikuwa ameketi kati ya wanafunzi na kadi ya mgonjwa yule. Ilikuwa kadi ya asiyeelewa. Akainua mkono.

"Papa prof, sielewi."

"Itatoka ku examen," Ruphin akaujibu ubao. Ukumbi wote ukashusha pumzi.

"Msumari ukiuweka majini unazama," Solange akaendelea. "Na baleinière, boti ya mtoni, ni ya chuma, ni misumari elfu na elfu. Inatoka Kinshasa na mabati na mbuzi na watu mia mbili, na haizami. Kwa nini?"

"Nukta. Mstari mpya."

Solange akaiweka kadi chini. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa imebadilika. "Papa, sasa sichezi kadi. Kwenye mtihani wako nilipata kumi na sita. Niliandika formula yote bila kosa, na sikuelewa kitu. Mpaka leo sielewi. Nikipanda boti nafunga macho."

Chaki ikasimama.

"Papa, usigeuke," Guelord akanong'ona. "Kwa jina ya Yesu, usigeuke."

Akageuka. Angefanya namna gani? Kulikuwa na mtu hajaelewa, tena kwa miaka kumi na sita, na kosa lilikuwa lake mwenyewe aliyempa kumi na sita bila kumtazama machoni. "Leteni ndoo," akasema. Akaokota kopo tupu la sardini la jana, akaliweka juu ya maji. Likaelea. Akampa Solange kopo lenyewe na jiwe, akamwambia alipige liwe bapa mpaka lisibaki na tumbo. Daktari wa ualimu akapiga magoti kwenye saruji akapiga. Wakaliweka tena majini, likaenda chini moja kwa moja.

"Tumeongeza chuma?"

"Hapana."

"Tumepunguza?"

"Hapana. Chuma ni kile kile." Solange akaingiza mkono mzima ndani ya ndoo, akalitoa, akaligeuzageuza. "Kwanza lilikuwa na tumbo. Lilichukua nafasi kubwa. Lilifukuza maji mengi."

"Na maji yaliyofukuzwa?"

"Yanataka kurudi mahali pao." Akainua uso. "Yanasukuma! Yakiwa mengi yanasukuma sana, yanalibeba. Yakiwa kidogo, hayaliwezi. Papa, kumbe si chuma kinachoelea, ni nafasi!"

"Ni nafasi," Ruphin akasema, na kwa muda akasahau kabisa kwa nini alikuwa pale.

Alama zikawa kumi na tisa. Washiriki waliguna kama waliofiwa. "Andika mbili tu, madame," Guelord akaomba. "Mungu anaelewa."

"Siwezi," akasema Solange, mkono unachuruzika maji. "Na mimi nimeelewa."

Ijumaa kila mtu aliacha kujifanya akafundisha anavyojua. Guelord akatoka mbili akafika kumi na tano, akapongezwa kama mfano wa mafunzo yenye matunda. Ikabaki fomu moja, ya Ruphin. Solange aliikalia muda mrefu. Mstari wa kwanza ulisema: jina la mwenye kujifunza. Wa pili: alama ya mwanzo. Wa tatu: alama ya mwisho. Wa nne: jina la mkufunzi.

"Ndani ya ukumbi huu siku tano hizi," akasema, "mwenye kujifunza alikuwa nani?" Akaandika jina lake mwenyewe. Mwanzo: sifuri. Mwisho: kumi na saba. Mkufunzi: Bosenge Ruphin.

Ruphin alikasirika. Semeni mnavyotaka, alikasirika kweli. "Unanitoa ku orodha, Solange? Mimi?"

"Papa, ku orodha ile ungeanguka. Nimekuweka kwenye uko: kwa wakufunzi."

Ruphin akarudi nyumbani kwa miguu, matoleka yanampigia kengele na yeye hasikii. Jumapili simu ikalia.

"Bamekwisha kukuandika?"

"Bado, mama."

Siku ile mama hakuuliza habari ya mvua. Upepo wa kilimani ukawa unasikika, kisha akasema anashuka, miguu inamuuma.

Ikapita miezi mitatu. Wale kumi na mmoja wakapata cheti na matricule, Guelord akaacha kuwa mpya, akawa mwalimu wa zamani. Solange naye, kule Kinshasa, akapokea cheti cha kufuzu kama mtu mpya, akakipiga picha akamtumia papa prof. Kompyuta ya mradi ilipofika kwenye jina la mkufunzi ilikataa kwenda mbele, maana mkufunzi lazima awe na namba ya mradi. Haikumwuliza mtu. Ikampa.

Ndipo barua ikaja, ya kwanza katika maisha yake kuwa na mhuri na jina lake bila kosa. *Kwa Mkufunzi Bosenge Ruphin.* Namba hii ni ya mradi tu, haimwandiki kazini, lakini anaombwa kuendesha awamu ya pili ya mafunzo, kwa nouvelles unités wa chuo chake ambao hawajafuzu. Orodha ya washiriki imeambatanishwa. Akaifunua. Ilikuwa na jina moja: Bosenge Ruphin.

Jumatatu saa mbili kamili alikuwa ukumbini. Guelord, aliyekuja kushuhudia tu, alichelewa, safari hii bila kadi, akakuta mzee amesimama mbele na kalamu.

"Bosenge Ruphin!" mzee akaita.

Kimya.

"Bosenge Ruphin hayuko?"

Akazunguka meza, akaketi kwenye benchi, akainua mkono. "Niko." Akatia sahihi ya mwenye kuhudhuria. Akarudi mbele akatia ya mkufunzi.

"Sasa alama ya mwanzo," Guelord akasema, na jasho linamtoka. "Papa, nakuomba. Usijipe kumi na nane."

Ruphin akafikiri sana, kwa haki, kama anavyosahihisha kazi ya mtoto wa mtu. Kisha akaandika: mbili.

"Eh! Papa, unadanganya?"

"Nadanganya wapi? Siku yangu ya kwanza hapa wewe ulikuwa haujaingia primaire. Niliwapa mgongo saa mbili nzima. Chaki ilikatika mara tatu. Mbili ni huruma tu." Hakusimulia zaidi. Akafundisha siku zote tano, asubuhi mpaka saa nane, hakuruka hata somo moja, na mshiriki wake hakukosa hata siku moja. Ijumaa akajipa kumi na nane. Maendeleo: kumi na sita. Kisha, kwa kuwa kazi ya kuandika orodha ya waliofaulu ni ya mkufunzi, akachukua karatasi safi akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: Bosenge Ruphin. Orodha ikaenda Kinshasa, na mwezi uliofuata ikarudi, ina mhuri wa Serikali na matricule pembeni mwa jina.

Jumapili hakungoja simu ilie. Akapiga yeye.

"Mama. Nimeandikwa."

Upepo. Mtoto mmoja akacheka mbali kule kilimani. Sauti ya mama ilipokuja ilikuwa ndogo. "Nani alikuandika?"

Ruphin akaiangalia ile karatasi mkononi, akautambua mwandiko.

"Mimi mwenyewe, mama."

"Weye mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Na miaka hii yote ulikuwa unajua kuandika?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Sasa," akauliza mama, na sasa alikuwa analia, tena kwa hasira, "ulikuwa unangoja nini?"